Muhuri Juu ya Mchoro

Kwa kuwa mengi yasiyo sahihi yamesemwa hapa Kolwezi kumhusu binti yangu, naandika yaliyotokea. Yeye huchora picha za vitabu vya hadithi za dunia zijazo: miji inayoelea, mashine zenye mabawa, majoka ya shaba. Ndiyo kazi yake tangu alipomaliza shule, wala si mchezo.

Mwaka huu aliagizwa picha ya jalada, kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Akachora mtaa wetu wa karne zijazo: nyumba zimesimama juu ya miguu ya chuma, na chini yake shimo pana kama yale ya mgodi wa Mashamba, lenye mshipa wa jiwe la kijani.

Mimi baba yake, niliyehudumu ofisi ya ardhi hadi kustaafu, niliogopa wezi wa kazi za watu. Michoro yake yote huiandikia namba na tarehe. Mchoro huo nikaugonga muhuri wangu wa zamani wa ofisi, ambao nilipaswa kuurudisha. Kisha nikauweka barazani, rangi ikauke.

Jirani yetu mjane akauona. Huku kwetu karatasi yenye mtaa, shimo na muhuri ina maana moja tu: mnahamishwa. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameng'oa mlango na madirisha yake, asiwaachie wabomoaji. Wengine wakafuata.

"Weye mutoto," mjane alimfokea binti yangu, "nyumba yako umeiwekea miguu. Ya kwangu itakimbia na nini?"

"Mama, ni ya kitabu tu! Ya miaka elfu inayokuya."

"Miaka elfu, na kashe ni ya leo?" Akaugonga muhuri wangu kwa kidole.

Watu walicheka, lakini shefu wa mtaa aliuchukua mchoro, akamwita binti yangu mchochezi. Wachapishaji walikuwa wakiungoja ufike Ijumaa.

Nilikwenda ofisini kwa shefu nimevaa tai. Nikakiri kwamba muhuri ni wangu, nikataka maelezo yangu yaandikwe neno kwa neno, nikatia sahihi.

"Tata, kama mungenyamaza, leo mangaribi ningemurudishia," alisema shefu, akiukunja mchoro kama gazeti. "Sasa umekuwa ushahidi. Hautoke hapa."

Nilipinga kwa maandishi. Nakala ninayo, jibu sina hadi leo.

Nyumbani nilimweleza binti yangu. Akabandika karatasi mpya mezani, akanoa penseli. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Nilimwuliza nimsaidie nini.

"Tata, muniache tu."

Alimaliza Jumapili. Jalada lilikuwa limekwisha kupewa mwingine.