Tingatinga Lilifuata Chaki Yangu

Jamani, mmewahi kuona mashine inabomoa huku ikifuata alama za mkono wenu wenyewe?

Mimi nimeona.

Asubuhi ya kwanza ya likizo, wanafunzi wameshaondoka na mabegi yao, tingatinga likaingia getini. Likapita bweni bovu linalovuja kila mvua. Likapita vyoo vya zamani ambavyo nadhani hata mbu wameshavihama. Likaenda moja kwa moja kwenye ukuta niliouchorea duara la chaki nyeupe.

Ukuta ukashuka.

Kisha likageuka, likafuata duara jingine.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkanihukumu kama wenzangu walivyonihukumu.

Mimi ni mkutubi. Chuo chetu kiko nje kidogo ya mji, majengo ya siku nyingi, nyufa kila upande. Uongozi ulipotangaza kwamba kitakarabatiwa na kupewa sura mpya, tulifurahi. Msanifu wa majengo alipotajwa, mimi ndiyo nikavimba kichwa kabisa. Alikuwa mdogo wangu, tumbo moja.

Tena baba yetu alikuwa mmoja wa waashi waliokijenga chuo kile. Nje ya maktaba aliacha baraza refu la saruji la kukalia, akalipamba kwa vipande vya vigae. Saruji ikiwa bado mbichi alituita mimi na mdogo wangu, tukabonyeza viganja vyetu kando kwa kando. Baba ameshatangulia. Mchana nilikuwa nakula chakula changu pale pale, pembeni ya vile viganja.

Basi mdogo wangu akaja na boksi la chaki. Akatueleza kwamba ofisini kwake hawaanzi kuchora ramani mpaka watu wa mahali penyewe wazungushie duara kila kitu wanachokipenda.

"Dada, wewe ndiye wanayekuamini," akaniambia. "Zunguka nao. Nionyesheni vitu ambavyo vikiguswa mtaumia."

Nikazunguka nao. Mama Kantini, mpishi wetu, alinionyesha dirisha lake la kugawia chai. Mlinzi alinionyesha ngazi za ukumbi, ambako wahitimu wote hupigia picha. Wengine walisita, wakauliza hizo alama ni za nini hasa. Nikawaambia yule ni damu yangu, wawe na amani. Duara la baraza nilichora mwisho, nikalikoleza.

Sasa ile asubuhi, Mama Kantini alisimama kando yangu, uso umejaa vumbi la dirisha lake. Hakupaza sauti.

"Wewe ndiye uliyepita na chaki," alisema. "Umetuuza."

Nikampigia mdogo wangu simu. Nilidhani mafundi wamezielewa alama kinyume. Hata hakubabaika.

"Hawajakosea, dada. Mnachokipenda ndicho mngekipigania. Ningeanza na vyoo, mngekuwa mmeshakusanyika kabla sijafika maktaba. Uongozi ulitaka kazi isiyo na maandamano."

Nililia, siwafichi. Nilikimbilia maktaba nikakuta kifusi. Baraza halipo.

Chuo kipya kikasimama, vioo vitupu. Siku ya ufunguzi mdogo wangu alinishukuru jukwaani, mbele ya wote, kwa kumwongoza vizuri. Nilitamani ardhi inimeze. Mama Kantini aliinuka akatoka, na tangu siku hiyo haitikii salamu yangu.

Mama yetu ndiye aliyetulazimisha tupatane. Akanishika mkono kama mtoto mpaka nyumbani kwa mdogo wangu. Chai ikiwa inaandaliwa, nikatoka nyuma kupunga upepo.

Baraza la baba lilikuwa pale bustanini.

Vigae ni vile vile, vimesuguliwa mpaka vinang'aa. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilisema moyoni, kumbe amelihifadhi kwa ajili yetu, kumbe nilimdhania vibaya. Nikainama kutafuta viganja.

Kiganja chake kilikuwepo. Pembeni yake saruji ilikuwa imekatwa kwa msumeno, mkato ulionyooka kabisa.

Akatoka na vikombe. Nikamuuliza changu kiko wapi.

Akaangalia chini. "Halikuenea kwenye lori, dada. Ilibidi nichague."

Niliiacha chai yake mezani.

Niwaambie nilichojifunza, ndugu zangu. Mtu akikuuliza unapenda nini, hata kama mmenyonya ziwa moja, muulize kwanza anataka kukifanyia nini. Na usimdhamini mtu mbele ya wenzako kwa sababu tu ni damu yako, maana wao hawatamkumbuka yeye. Watakukumbuka wewe na chaki yako.

Mama Kantini, kama unasoma hapa, mimi sikukuuza. Tuliuzwa pamoja.