Umuhondo wa Mwanangu wa Kwanza

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Murungu, miaka ya sabini, majira ambayo ukungu wa Kibondo hauondoki mpaka jua lipande juu. Siku zile nazikumbuka kama ndoto: moshi wa kuni ukijikunja chini ya nyasi za paa, mvua ikinong'ona, na joto dogo limelala kifuani pangu.

Mama mkwe alikuja na bakuli. "Kamua hayo maziwa ya njano, mwanangu, tuyamwage. Yamelala humo muda mrefu, yameharibika. Mtoto atakunywa maji ya sukari mpaka meupe yashuke."

Ndivyo wanawake wengi wa kwetu walivyofanya, tena kwa upendo. Lakini mwanangu alikuwa mdogo mno, analia kama paka, na maji yale niliyaogopa.

"Mama, ndama naye mnamnyima umuhondo?" Ndivyo tunavyoyaita maziwa ya kwanza ya ng'ombe.

"Thubutu! Si atakufa?"

"Na huyu je?"

Akanitazama. "Umejiita ng'ombe mwenyewe, mimi simo." Akacheka mpaka akaweka bakuli chini. "Haya, mnyonyeshe. Ila choo chake nitakikagua mimi. Kisipobadilika kuwa cha njano, sukari ipo."

Nikanyonyesha huku nasinzia, sijui lini kumekucha.

Leo naweza kukueleza kilichokuwa kikiendelea, na si kigumu. Utumbo wa mtoto anayezaliwa ni kama nyumba mpya, karibu haina wakazi. Bakteria wa kwanza mtoto huwapata kwa mama wakati wa kuzaliwa, kisha kwenye ngozi yake na maziwa yake. Usiwaogope, wengi wao ni wenyeji wema. Maziwa ya mama yana aina ya sukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuimeng'enya. Hicho ni chakula cha wakazi hao. Fikiria kibuyu cha mtindi: yale machache yaliyobaki ndani ndiyo huyageuza maziwa mapya. Tumbo nalo huchachuka hivyo, polepole, na wadudu wabaya hawaupendi uchachu huo.

Choo cha kwanza kilikuwa cheusi kama lami. Kikaja cha kijani. Mama mkwe akanuna, akaisogeza sukari karibu na kitanda.

Kisha asubuhi moja, ukungu ukiwa bado mlangoni, alifungua kitambaa cha mtoto. Njano tupu. Akainama, akanusa, akatoka nacho nje mbio.

"Jirani we! Njoo uone! Mjukuu wangu ameanza kunya kama watu!"