Maua ya Mama Jeltje

Aukje Wiersma hakuwahi kukosa kumimina kahawa Jumapili ya kengele za theluji. Ndivyo wanavyoyaita maua yale madogo meupe yanayoinamisha vichwa, yanayochomoza Februari wakati mifereji bado ina ngozi ya barafu. Siku hiyo bustani ya mimea huingiwa bure, na watu wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, ambao maneno kwao ni adimu, hupiga magoti kwenye matope na kuyainua maua kidevu kwa kidole, kama wanaomkagua mtoto meno.

Aukje alizeekea kwenye kiwanda cha jibini, akisugua sakafu, na hakumwinamia mtu. Alichojivunia ni ua la mama yake, Jeltje. Mama aliliona likijiotea nyuma ya zizi: penye doa la kijani kwa maua ya wenzake, lake lilikuwa na doa la manjano, manjano ya siagi hasa. Ua la namna hiyo haliuzwi. Unampa rafiki mmoja wa kweli akutunzie, ili lako likifa uende kwake kuchukua. Na anayepewa hashukuru, maana mmea ulioshukuriwa haushiki mizizi.

Rafiki wa Aukje alikuwa Hinke. Walikaa dawati moja shuleni, wakazikiana waume. Mama Jeltje alipofariki, Aukje alichimbua shada moja likiwa na majani yake mabichi, akalifunga kwenye gazeti lililoloweshwa, akampelekea Hinke. Hinke alilipokea kimya, kama inavyopasa, akateleka kahawa.

Ukaja msimu mmoja wa mvua zisizokatika. Maua ya Aukje yakaoza ardhini yote. Hakuhangaika sana, akavaa viatu, akaenda kwa Hinke.

"Panya, mwenzangu," Hinke akamwambia, macho yakiwa kwenye sinki. "Hawakunibakishia hata moja."

Aukje ndiye aliyembembeleza. Kesho yake alimpelekea na sufuria ya supu ya njegere.

Miaka ikapita. Jumapili hii ninayoisimulia, Aukje alikuwa amebeba sinia kuelekea meza ya maua mapya, alikosimama bwana Wybren, mkuu wa bustani. Katikati ya meza, kwenye chungu cha udongo, palikuwa na ua lile lenye doa la siagi. Kibao kidogo kilichochomekwa kwenye udongo kiliandikwa: Hinke.

Wybren akamweleza kwa furaha kwamba bibi mmoja aliliokota nyuma ya nyumba yake na kulilea mwenyewe, na kwamba mengine yameshapandwa bustanini, kwa jina hilohilo. Aukje aliweka sinia mezani. Hakumwaga hata tone.

Hinke akatokea na koti lake zuri.

"Kumbe panya wamerudisha," Aukje akasema.

Hinke alimshika kiwiko, akamvuta pembeni. "Wewe una watoto, Aukje. Mimi nikifa nani atanitaja? Nilitaka kitu kimoja tu chenye jina langu."

"Na mama yangu atatajwa na nani?"

Watu walikuwa wameshaanza kugeuza shingo. Hinke akaenda mezani, akakibeba kile chungu kwa mikono miwili, akamnyoshea rafiki yake mbele ya wote.

"Chukua. Na usinishukuru."

"Wala sikuwa na nia hiyo."

Aukje alikichukua. Akachomoa kibao, akakiweka kwenye kiganja cha Hinke na kumfumba vidole, kama unavyompa mtoto hela ya dukani. Kisha akavua aproni, akaitundika pale inapotundikwa, akaondoka na chungu kwenye kikapu cha baiskeli.

Maua yakashika chini ya dirisha la jikoni kwake. Yale ya bustanini yamebaki na jina la Hinke, na kila apitaye hulisoma.

Februari iliyofuata shada lilikuwa limenenepa, tayari kugawanywa. Aukje alichimbua nusu, akaifunga kwenye gazeti lililoloweshwa, akavaa viatu, akafika mpaka mlangoni kwake. Akasimama pale, mkono kwenye kitasa, akizipitia kichwani nyumba za mtaa ule, moja baada ya nyingine, akitafuta wa kumtunzia.

Halafu akavua viatu, akavaa vya bustani, akatoka kwa mlango wa nyuma, akairudisha kwenye shimo lilelile.