Ing'ae, Ising'ae: Fundi Tadjidine na Milango ya Moroni

MORONI, 1986 — Jua bado halijafika kwenye kichochoro hiki cha mtaa wa Badjanani, na fundi Tadjidine ameshapiga magoti mbele ya mlango. Anafumba macho na kupitisha kiganja juu ya mwimo wa kulia, polepole, kutoka juu mpaka usawa wa kitasa. Hapo mkono unasimama.

"Bado pana kibonde," anasema, na kuuchukua tena msasa.

Ana miaka hamsini na mitatu. Alizaliwa Mutsamudu, mji wa kisiwa cha jirani, ufundi na Kiswahili akavipatia Zanzibar, na tangu arudi kwao kazi yake ni kupaka rangi miimo, milango na fremu za madirisha. Kuta huwaachia wengine. Mwaka huu amepaka milango kumi na tisa. Saba kati yake ilibidi aiunganishe kwanza, kwa kuwa ilivunjwa kwa mateke na vitako vya bunduki.

Waliovunja hawatajwi. Watu husema "wale" tu, na mji mzima unajua ni askari wa kukodiwa, wazungu, na vijana wa hapa walio chini ya amri yao.

Mlango huu ni wa Bi Koultoumi, mwenye nyumba. Mwezi wa tatu "wale" waliuvunja walipokuja kumchukua mumewe, karani. Alirudi baada ya wiki saba. Sasa amelala chumba cha ndani, na fundi anajitahidi asigonge nyundo.

Binti yao, Hadjira, anaolewa wiki ijayo. Kesho alasiri shangazi wa bwana harusi anakuja kuitazama nyumba.

"Fundi, rangi gani itafunika?" Koultoumi anauliza.

Tadjidine anaketi chini, ananyoosha mgongo. Anamweleza kama alivyowaeleza wengine. Kahawia isiyong'aa haitaonyesha palipozibwa kwa puti. Kijani inayong'aa ndiyo ya nyumba za harusi. Inafutika kwa kitambaa na kudumu miaka, lakini jua la alasiri likiipiga, kovu lote litatokeza.

"Basi isiyong'aa."

"Watajiuliza kwa nini nyumba ya harusi haing'ai, bibi."

Kutoka ndani kinasikika kikohozi, naye Koultoumi anapunguza sauti.

"Na wakivunja posa? Nani anataka kuoa katika nyumba iliyoingiliwa na wale?"

"Hilo siwezi kukuchagulia," fundi anajibu. "Nimechoka kuwachagulia watu cha kuficha."

Mama huyo anaingia kwa mumewe na kukaa huko kitambo. Anapotoka, macho yake ni mekundu.

"Kijani. Inayong'aa. Mume wangu hakuiba kitu cha mtu."

Kesho yake alasiri jua linaingia kichochoroni na kovu linaonekana wazi, refu kama kiganja. Bi Mariama, shangazi wa bwana harusi, anasimama mlangoni. Koultoumi amekamata ncha ya leso yake. Mgeni anapagusa pale pale kwa kidole, kisha anamgeukia fundi.

"Ni wewe uliyeunganisha?"

"Ni mimi, mama."

"Kwetu walivunja dirisha," anasema kwa sauti ya chini. "Tumelitundikia pazia tangu mwaka jana. Utakuja lini?"

Hangoji jibu. Anavua viatu, anamshika Koultoumi mkono, na wanaingia ndani pamoja.

Tadjidine anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Harufu ya tarpentini inambana kifua, na magoti yake hayakunjiki sawasawa. Alikuwa aondoke Jumatatu kwenda Mutsamudu, anakosubiriwa na mkewe, Saandia, tangu Ramadhani. Sasa itakuwa Alhamisi, dirisha likishakauka.

"Nikifika nitalala siku tatu," anasema, akifuta brashi. "Halafu Saandia ataniambia rangi anayoitaka. Mlango wake haujaguswa na mtu. Nataka niupake ukiwa bado mzima."