Maombi ya Wodini

Mdogo wangu tulimwita Mchungaji tangu utotoni, maana alikuwa akiwahubiria kuku mpaka wanamkimbia. Alipomaliza shule, mama alimpeleka chuo cha wachungaji, nami nikabaki na cherehani yangu na sare za watoto wa watu. Hakuna aliyetuambia kwamba kule mwaka wa kwanza mzima wanasomeshwa falsafa ya kale.

Alirudi likizo amekonda. Ukimuuliza kitu, anakujibu kwa swali. Kumbe kuna Wagiriki waliokufa zamani mno, waliokwisha kuuliza kama Mungu anaweza kuyazuia maumivu, mbona hayazuii. Wenzake waliliandika swali hilo kwenye mtihani, wakafaulu, wakalisahau. Yeye lilimganda.

"Dada, siwezi kusali tena," aliniambia nikiwa napiga pasi. "Nikifumba macho najiona naigiza."

Nikamwambia asubiri kwanza mama, aliyelazwa kwa ugonjwa wa tumbo, apone, halafu ndiyo apoteze hiyo imani. Sikuwa na nguvu za kubishana na Wagiriki. Mchana nilikuwa nashona, jioni namwogesha mama hospitali, na mgongo ulikuwa unaniwaka moto.

Siku moja kabla ya mama kupasuliwa, tulikwenda wote saa ya kuona wagonjwa. Mama alikuwa ameshatangazia wodi nzima kwamba mwanawe mchungaji anakuja. Mwanamke wa kitanda cha jirani akazima redio yake, akakaa vizuri.

"Haya mwanangu," mama akasema, "niombee."

Mdogo wangu akashika chuma cha kitanda. "Mama, nisamehe. Siwezi kukuombea kwa maneno nisiyoyaamini."

Damu ilinichemka. Nilitaka kumtoa nje kwa sikio. Mtu anapasuliwa tumbo kesho, wewe unamletea habari za ukweli! Uongo wa dakika mbili ungemgharimu nini?

Lakini mama hakukasirika. Alishusha sauti ili jirani asisikie.

"Na mimi maombi yamenikauka, baba. Tangu nilazwe hapa nafungua mdomo, hakitoki kitu. Nikajipa moyo kwamba wewe unayo imani ya kututosha wote wawili."

Hapo ndipo mdogo wangu alipolia. Akapiga magoti, akamshika mama mkono, akaanza, "Ee Mungu," akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. Wodi nzima ilikuwa inangoja.

Mama akanigeukia mimi. Mimi, ambaye katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuniuliza naamini nini. Nikasimama na miguu yangu iliyovimba, nikaomba kwa sauti ili wote wasikie, nikataja daktari, kisu, damu na kesho, mpaka mwisho. Nilipofumbua macho, mama alikuwa ameshapitiwa na usingizi, nami nikatamani anisogezee nafasi kidogo kitandani, nilale kando yake.