Kitufe cha Kutafutia Watoto

Nilikuwa karani wa kompyuta katika ofisi ndogo pale Ngara, miaka ya wakimbizi, na nilijiona fundi hasa. Virusi vilipotuharibia kazi, bosi alinifokea mbele ya watu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: siku ileile nilipandisha ulinzi wa kivinjari hadi juu kabisa.

Baadaye tukaletewa diski yenye ukurasa wa kutafutia watoto waliopotezana na wazazi. Unaandika jina, unabofya "Tafuta", inatokea picha na kituo alipo mtoto. Wakati huo Warundi walikuwa wanarudi kwao, malori yakiondoka kila asubuhi.

Siku ya pili ya kuutumia ukurasa ule akaingia mama mmoja, lori lake likimngoja nje. Nikaandika jina la bintiye, nikabofya. Kimya.

"Hayumo, mama. Labda unipe jina la ukoo."

"Kwetu kira mtoto ana jina rake, mwanangu. Nimekupa rake. Angaria tena."

Nikakasirika. Tangu jana nilikuwa nayalaumu majina yao, eti hayana mpangilio. Dereva akapiga honi. Mama hakusogea.

"Kama yupo, sipandi. Kama hayupo, niambie ukweri niende."

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Nikachukua barua iliyokuja na diski. Ilikuwa na jina la mfano, la mtoto aliyekuwemo kwa hakika. Nikaliandika. Kimya vilevile. Kumbe kitufe hakikuwa kimetafuta chochote, tangu jana! Juu ya ukurasa kulikuwa na utepe wa njano niliouzoea hadi nikaacha kuusoma: kivinjari kimezuia programu ndogo zilizomo humu.

Nikaubofya, ukagoma. Aliyefunga mlango ni mimi mwenyewe. Honi ikalia tena, ndefu. Bosi angenifukuza, lakini nilishusha ulinzi, nikafunga kivinjari, nikakifungua upya, nikaandika jina la binti.

Picha ikaja taratibu kutoka juu: nywele, paji la uso, macho. Mama alipoyaona macho akaketi sakafuni, akaliita lile jina kana kwamba mtoto yuko chumba cha pili. Nikatoka mbio kumwambia dereva ashushe mzigo wa mama.

Nilipaswa kufurahi. Lakini jana yake nilikuwa nimempa shikamoo mzee mmoja, nikamwambia mwanawe hayumo. Alinishukuru, akanipa mkono huku ameushikilia kwa mkono wa pili, akapanda lori.

Jina alilonipa lilikuwa bado kwenye daftari langu. Nikaliandika. Akatokea mvulana mwenye shati la shule, kituo chake Biharamulo, mwendo wa asubuhi moja tu. Nilimpa dereva karatasi ampelekee mzee ng'ambo ya mpaka. Hadi leo sijui kama ilimfikia.