Picha ya Ami Kileleni

Nilipokuwa bado mtoto wa chuoni, nikisoma msahafu, nyumbani kwetu Mabela, Ami Nasor, mdogo wake baba, alitangaza kuwa anakwenda Nepali kupanda Kanchenjunga, mmoja wa milima mirefu kabisa duniani. Dolma, aliyekuwa akitupikia, alizaliwa chini ya mlima huo, na kaka yake, Pemba, ndiye angemwongoza. Bibi, mzaliwa wa Wete, kisiwani Pemba, alilipenda jina hilo mno, akawa anamwombea dua kama mwanawe.

Dolma alikuwa na ombi moja tu. Kwao kilele kile kina mwenyewe. Wapandaji husimama chini yake kidogo, wasikikanyage. Ami alimcheka, akasema huo ni ushirikina.

"Kupiga hodi si kuabudu mlango," Bibi alimwambia. "Nnakuonya, Nasor. Kila pahala pana mwenyewe."

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini aliyekufa hakuwa yeye.

Pemba alisimama pale wanaposimama watu wa kwao. Ami alipanda mpaka juu kabisa, akajitanda na bendera apigwe picha. Bendera ikajikunja, akataka picha nyingine, na nyingine tena. Pemba akimngoja hivyo, dhoruba ya theluji ikawakuta. Ami alirudi na vidole vyake vyote. Pemba hakurudi. Haya Ami aliyasimulia mwenyewe, kwa mdomo wake, huku anakula halwa.

Maana nyumba ilijaa wageni waliokuja kumpongeza. Wote walisema mlima umelipiza, na Ami, ambaye hakuwa akiuamini ushirikina huo, safari hii aliuamini upesi. Ulimfaa. Dolma alikuwa jikoni anaosha vikombe vya watu hao. Bibi alimpokonya kikombe, akamkalisha.

"Mlima haukumfanya kitu kaka yangu," Dolma alisema. "Alikuwa anamngoja."

Hasira niliyoibeba siku ile sijaitua. Onyo la Bibi lilitimia, naliheshimu mpaka leo. Ninachokichukia ni watu wazima kusukumia jiwe kosa la mtu, kisha wakanawa mikono wakaendelea kula.

Picha ile ingali ukutani, kwenye majlisi ya Ami. Wageni huuliza urefu wa mlima na baridi yake. Hakuna anayeuliza ni nani aliyeipiga. Basi nikiwapo, mimi huwaambia: Pemba, kaka yake Dolma. Ami hunikata jicho. Na anikate.